Njia ya Kurudi

Besi ya kwanza ilipopiga, taa za mbele zikafumba macho.
Ya pili, dashibodi nzima ikasinzia
kama mlevi katikati ya ibada.
"Amplifaya mbovu," akasema kaka yangu Peniamina,
aliyeinunua kwa mshahara wa miezi minne
wa kuchuna kondoo kiwandani.
Mvua ya Julai ilikuwa inainyeshea Otara.
Mimi nilikuwa mshika tochi.

Mereana wa nyumba ya pili akaruka uzio na ndara zake,
mita inaning'inia shingoni kama ya daktari.
Amplifaya hakuigusa. Hata kuitazama, hakuitazama.
Aliweka nyekundu kwenye betri, nyeusi kwenye betri,
akamwambia Peni afungulie muziki.
Kumi na nne nukta moja.
Besi.
Kumi na moja nukta sita.
"Gari lako haliumwi," akasema. "Lina deni."

Peni akataja betri ya pili, akaitaja na bei yake,
na lile kopo la kapasita linalowaka buluu dukani.
Mereana akacheka mpaka akashika boneti.
"Ghala juu ya ghala, na shamba ni lile lile!
Betri hailimi, betri inatunza.
Mkulima wenu ni huyu,"
akaigonga alteneta kwa spana,
kidude kilichojaa masizi, kilichozaliwa kulisha taa,
feni, na redio ya kusikilizia habari.
"Huyu analeta sabini. Ninyi mnakula mia na hamsini.
Halafu mnamlaumu mpishi."

Wiki sita.
Alteneta mpya ikafika ndani ya boksi lililolowa,
Peni akaipakata hadi gereji kama mwenye kutoka wodini.
Kisha nyaya, nene kama kidole changu gumba:
huu toka alteneta hadi betri,
huu toka injini hadi bodi,
huu toka bodi kurudi hasi.
Na fyuzi, shubiri moja tu kutoka betri,
maana waya ukichubuka, heri ife fyuzi
kuliko tuzike gari.

"Kila mtu huhangaikia waya wa kwenda," alisema Mereana,
kichwa chake ndani ya buti, sauti yake ya pipa.
"Haulizi mtu umeme unarudi nyumbani kwa njia gani."
Akanipa msasa.
Nikaiweka tochi chini, nikakwangua rangi
pale kando ya gurudumu la akiba,
nikakwangua kutu iliyojificha chini ya rangi,
mpaka chuma kikatoa uso wake, cheupe, kama jino.
"Hapo," akasema. "Hapo ndipo patakapokubali."

Jumamosi usiku tukawasha.
Madirisha ya kina Fonoti yakatetemeka, mbwa wao akasusa,
lakini taa mbili ukutani mwa gereji
zilisimama. Hazikukonyeza.
Kumi na tatu nukta tisa. Besi. Nukta nane.
Peni hakucheza. Alikaa tu akizitazama taa.

Saa tano mama akarudi kutoka kufagia ofisi za watu,
akaingia kiti cha nyuma kuikwepa mvua.
Peni akapunguza sauti bila kuambiwa.
Akasema mchungaji amepita kuulizia mchango.
"Ndiyo," akasema mama.
Simu ikalia toka Savai'i: binamu amefariki, jeneza, mikeka.
"Ndiyo."
Nami, mjinga, nikakumbuka viatu vyangu vya shule.
"Ndiyo, mwanangu."
Kila ndiyo, kitu kilififia usoni pake,
kikarudi,
kisirudi chote.

Akalala vile vile alivyokaa, mkoba mapajani.
Mita ya Mereana ilikuwa bado kwangu.
Nikashika nyekundu mkono huu, nyeusi mkono huu,
msasa mfukoni,
na sikujua pa kuanzia kukwangua.